Wi-Fi Haifiki Vyumba vya Nyuma? Anza na Kebo Iliyomo Ukutani

Nyumba za ghorofa zenye sakafu za zege, kama zilivyo nyingi Capri Point na Isamilo jijini Mwanza, huua mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 5 kabla hayajafika juu. Kuongeza ruta yenye antena nyingi hakusaidii sana. Kama jengo lina soketi za mtandao ukutani, dawa unayo tayari.

Kagua kebo kabla ya kwenda dukani. Soma maandishi kwenye ganda lake: Cat5e na Cat6 hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Ipime kwa testa ya kebo; nyaya zote 8 za ndani zifike upande wa pili. Zikifika 4 tu (1, 2, 3 na 6), mtandao utapatikana ila utakwama kwenye megabiti 100. Mara nyingi ubovu uko kwenye kichwa cha RJ45 (plagi ya mwisho wa kebo). Kikate, funga kipya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwangua pia waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na haifai kupitishia umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao). Kebo ikiwa salama, chagua kifaa; hivi hapa, kuanzia kilicho bora:

1. Akses pointi ya PoE (kifaa cha kurusha Wi-Fi kinachopata umeme kwenye kebo). Hii ndiyo ya kununua. Swichi (kifaa cha kugawa mtandao kwa kebo nyingi) ya kiwango cha PoE cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, hivyo akses pointi 4 zahitaji bajeti ya takriban wati 62. Soma jumla ya wati za swichi, usihesabu poti peke yake. Weka swichi na ruta kwenye UPS (betri ya akiba) moja, umeme ukikatika Wi-Fi inabaki hewani jengo zima. Anza na moja kila ghorofa, jina na nywila zilezile, chaneli 1, 6 na 11 kwa GHz 2.4. Epuka adapta za PoE za volti 24 zisizo za kiwango: hazilingani na swichi hiyo.

2. Ruta ya zamani. Haina gharama, na kwa chumba kimoja au viwili yatosha. Ipe anwani tofauti na ya ruta kuu, mfano 192.168.1.2, zima DHCP (huduma ya kugawia vifaa anwani), kisha chomeka kebo kwenye poti ya LAN, si WAN. Ukisahau DHCP, ruta mbili zitagawa anwani, na baadhi ya simu zitaonyesha zimeunganishwa huku intaneti hakuna.

3. Mesh (seti ya vifaa vya Wi-Fi vinavyoweza kuungana bila kebo). Inunue ikiwa tu kuna chumba kisicho na kebo, na vifaa vingine viunge kwa kebo.

4. Ripita (kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena). Ya mwisho kabisa. Ya bendi moja hupokea na kutuma kwenye chaneli ileile, kasi inashuka karibu nusu. Ukilazimika, iweke palipo na mawimbi mazuri bado, si ndani ya chumba kilichokosa.

Kwa nyumba ya nje au kibanda cha mlinzi, usivute kebo ya shaba. Radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria hupitisha mshtuko kwenye kebo hadi kwenye swichi na kuunguza poti kadhaa kwa mpigo. Vuta faiba (kebo ya nuru, isiyopitisha umeme), na kibadilishi kimoja cha faiba kwenda kebo ya kawaida kila upande.