Sanduku la mto la kufundishia Jiografia: tathmini baada ya muhula mmoja

Kwa miaka mingi nimefundisha mada ya mito katika kidato cha tano na cha sita hapa Morogoro kwa chaki na mchoro wa ubaoni, nikiwaomba wanafunzi waamini kwamba mstari uliopinda niliouchora ni mto, na kwamba mto huo husogea. Muhula uliopita nilinunua sanduku la mto kutoka kwa fundi mmoja anayetengeneza vifaa vya maabara, nikalipa shilingi 420,000 za mfukoni pamoja na nauli ya basi la mizigo. Sanduku huuzwa pamoja na kijitabu cha maelekezo na mabango mawili ya ukutani, moja la mito ya dunia na jingine la mabonde ya sayari ya Mirihi. Nimelitumia kwa vipindi vya muhula mzima, na maoni yangu juu ya sanduku lenyewe ni tofauti kabisa na maoni yangu juu ya karatasi zilizofuatana nalo.

Kifaa chenyewe ni trei ya plastiki ngumu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, iliyosimama juu ya miguu minne ya skrubu. Upande wa juu kuna bomba linalomwaga maji juu ya mchanga, upande wa chini kuna dimbwi lenye kizibo kinachopandishwa na kushushwa ili kubadili kina cha maji, na chini ya meza kuna ndoo na pampu ndogo inayorudisha maji juu. Plastiki haijavuja hata tone, na skrubu hazijashika kutu.

Mchanga wake haukuniridhisha. Ni mweupe, umechekechwa mpaka punje zote zikalingana, na mto unaopita ndani yake hauna tabia ila moja: hupanuka, hugawanyika katika vijito vingi vinavyoachana na kukutana tena kama nywele zilizosukwa, na hauachi kufanya hivyo hata ukiupunguzia maji. Sababu ni kwamba kingo za mchanga mtupu hazina kitu cha kuzishika, kwa hiyo zinaanguka haraka kuliko mto unavyoweza kuchimba njia moja ya kina. Nilikwenda na wanafunzi wawili kuchota mchanga wa mto unaoshuka kutoka Uluguru, wenye tope na kokoto ndogo, nikauchanganya na udongo kidogo wa mfinyanzi, kisha nikanyunyizia mbegu za ulezi na kusubiri siku tisa. Ulezi ulipoota na mizizi ikashikamana, nilifungua maji taratibu, na kwa mara ya kwanza darasa likaona pindi la mto likizaliwa: maji yakila ukingo wa nje, yakitua mashapo (mchanga na tope yaliyoubeba) upande wa ndani, na kona ikisogea kidogo kidogo kuelekea chini. Wazo hilo si langu, kwa kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya jaribio la namna hiyo kwa miche ya alfalfa, mmea wa malisho, na kulichapisha mwaka 2009. Kijitabu hakisemi neno lolote juu ya mimea, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu bila kuelewa kinachoshika kingo huwezi kueleza kwa nini mto Tana chini ya Garissa unajipinda na kuacha maziwa yenye umbo la kwato, wakati mito mingine inayobeba mchanga mwingi husambaa tu.

Swali lililofuata darasani lilikuwa la mwanafunzi wa kiti cha nyuma, aliyetaka kujua iwapo Mirihi iliwahi kuwa na ulezi. Bango la Mirihi linaonyesha mapindi ya mto wa kale katika eneo la Aeolis Dorsa, ambako mashapo ya mto yaligeuka mwamba mgumu, kisha upepo ukaondoa ardhi laini iliyoyazunguka, hata kilichokuwa njia ya maji kikabaki kimeinuka kama tuta. Huko hakuna dalili yoyote ya mimea, na mapindi yapo. Wataalamu hufikiri kwamba udongo wa mfinyanzi, chumvi au barafu ndiyo iliyoshika kingo. Nilirudia jaribio kwa udongo mwingi zaidi na bila ulezi, na mapindi yakatokea, japo malegevu.

Kitu kilichonifanya niseme fedha yangu haikupotea ni ile miguu ya skrubu, kwa sababu kila mguu unajitegemea. Nilianza na mteremko unaoshuka upande mmoja, nikaacha mto ujichimbie njia, kisha nikawaagiza wanafunzi wainue upande wa chini nusu mzunguko kila dakika. Maji yalipungua kasi, yakasimama, yakajikusanya katikati kama ziwa, na mwisho yakaanza kurudi yalikotoka kupitia bonde lilelile. Hiki ndicho kisa cha Kagera na Katonga, mito iliyokuwa ikielekea magharibi kabla mabega ya Bonde la Ufa la magharibi hayajainuka, na ziwa lililojikusanya nyuma ya mwinuko huo ni Viktoria tunalolijua. Nimewahi kukieleza kisa hiki mara nyingi kwa maneno, lakini sikuwahi kuona wanafunzi wakikielewa kama walivyokielewa kwa kushika bisibisi.

Dimbwi la chini nalo limefikiriwa vizuri. Mto ukiingia ndani yake hutua mzigo wake na kujenga delta, na ukisubiri delta ikue, ukamwaga maji na kuikata kwa rula kama keki, unaona tabaka zilizolala bapa juu na zilizoinama mbele. Nilibandika pembeni picha za kilima kiitwacho Kodiak, zilizopigwa na roboti Perseverance baada ya kutua Mirihi tarehe 18 Februari 2021 ndani ya kreta (shimo la kimondo) ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45 hivi. Tabaka zilizoinama zinaonekana pale waziwazi, na ndizo zilizothibitisha kwamba bonde la Neretva Vallis lilimwaga maji ndani ya ziwa. Kwa delta ya Rufiji, hata hivyo, sanduku halifai sana, kwa kuwa delta hiyo huundwa pia na kupwa na kujaa kwa bahari pamoja na misitu ya mikoko, mambo ambayo dimbwi hili halina.

Jaribio la mafuriko halimo kijitabuni, lakini nalipendekeza kuliko yote. Zibeni sehemu ya juu kwa ukuta wa udongo, jazeni maji nyuma yake, kisha acheni yafurike yenyewe. Ukuta hukatika ghafla, na kwa chini ya dakika moja korongo pana huchimbwa mahali ambapo kijito cha kawaida kingehitaji kipindi kizima. J Harlen Bretz alipopendekeza mwaka 1923 kwamba ardhi iliyochanika ya mashariki mwa jimbo la Washington, nchini Marekani, ilichongwa na mafuriko makubwa, wanajiolojia wenzake walimpinga kwa miongo kadhaa, na baadaye ikakubalika kwamba maji yalitoka katika ziwa Missoula, lililokuwa limezuiwa na barafu. Mirihi ina makorongo ya aina hiyo yaliyo makubwa zaidi, kama Kasei Valles na Ares Vallis. Ma'adim Vallis pia, bonde la kilomita 700 hivi linaloishia katika kreta ya Gusev, huelezwa na wengi kuwa lilichimbwa na ziwa lililofurika.

Kuna na bomba lenye matundu linalofukiwa chini ya mchanga ili maji yatokee kutoka ardhini badala ya juu. Mabonde yanayotokea ni mafupi, yana vijito-tawi vichache, na vichwa vyake ni vya duara kama nusu ya bakuli. Ukiyaweka kando ya picha za Nanedi Valles, mabonde ya Mirihi, utadhani ni ndugu. (Jina Nanedi limetolewa katika Kisotho na maana yake ni sayari. Wanafunzi walifurahi kusikia kwamba lugha ya Kibantu imefika huko.) Kijitabu kinahitimisha papo hapo kwamba Nanedi ilichimbwa na chemchemi. Hitimisho hilo limevuka ushahidi. Korongo la Box Canyon huko Idaho lina kichwa cha duara na chemchemi zinazotiririka hadi leo, na lilitumiwa kwa muda mrefu kama mfano wa uchimbaji wa chemchemi, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipoonyesha alama za mafuriko makubwa yaliyomwagika juu ya ukingo wake. Mchanga mlegevu na mwamba wa basalti havichimbiki kwa namna moja, na umbo moja laweza kuwa na wazazi wawili.

Kosa zito kuliko hilo liko ukurasa unaofuata, ambapo tunaelekezwa tulaze sanduku kwenye mteremko mdogo ili “kuiga mvuto wa Mirihi”. Ni kweli kwamba mvuto wa huko ni asilimia 38 ya wa dunia. Lakini kupunguza mteremko hupunguza tu nguvu inayovuta maji kuteremka, huku uzito wa punje za mchanga ukibaki uleule. Mirihi vyote viwili hupungua: maji huteremka polepole zaidi, na punje nazo huwa rahisi kuinuliwa na huchelewa kutua. Mwalimu akifuata kijitabu atawaonyesha wanafunzi mto mvivu usiobeba kitu, kisha atawaambia kwamba hiyo ndiyo Mirihi. Ukurasa huo mimi nimeuchana.

Bango la dunia ni la kawaida na halina kosa kubwa: mito inayogawanyika kama matawi ya mti, mito inayotawanyika kutoka Kilimanjaro kama miali ya jua, mito inayokimbilia bonde lisilo na njia ya kutokea kama ilivyo kwa ziwa Rukwa. Bango la Mirihi ni habari nyingine. Limeandika juu ya Valles Marineris kwamba ni “korongo la mto mkubwa kuliko yote”. Ufa huo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 na kina cha hadi kilomita 7 ulianza kwa kupasuka kwa ganda la sayari na kupanuliwa na maporomoko ya ardhi, na ungelinganishwa na Bonde letu la Ufa badala ya mto wowote. Picha nazo hazina skeli, kwa hiyo kreta ya Jezero na bonde la Kasei yanaonekana ukubwa mmoja.

Hata hivyo sikulitupa, kwa sababu picha yake ya Warrego Valles ni safi na ina vijito vingi vinavyokutana. Niliwagawia wanafunzi vipimapembe wapime pembe za makutano. Hansjörg Seybold, Edwin Kite na James Kirchner walichapisha mwaka 2018 kwamba pembe za mabonde ya Mirihi ni nyembamba, zinazofanana na za nchi kame kama kusini-magharibi mwa Marekani, ambako mabonde huchongwa na maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, ilhali katika nchi zenye mvua nyingi, ambako maji ya ardhini yana nguvu, pembe hukaribia nyuzi 72. Vipimo vya darasa langu vilitawanyika mno kuthibitisha chochote, lakini ubishi uliofuata juu ya mvua ya sayari isiyo na mvua leo ulikula kipindi cha Hisabati, na mwenzangu wa Hisabati hajanisamehe.

Pampu iliziba kwa tope wiki ya pili. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, ila nilisubiri wiki tatu, na sasa naifunika kwa kipande cha soksi ya nailoni, ambacho kimetosha. Umeme ukikatika, mwanafunzi mmoja mwenye jagi hufanya kazi ileile kwa usawa wa kushangaza.

Kwa mwalimu anayefundisha wanafunzi wasiozidi kumi na watano, ningesema nunua, chota mchanga wako mwenyewe na usome kijitabu ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kwa darasa kama langu lenye wanafunzi 52, sanduku moja halitoshi, kwa kuwa wa nyuma huona migongo ya wenzao tu. Nimemwandikia muuzaji kumuuliza iwapo ataniuzia la pili bila mabango wala kijitabu, kwa bei iliyopunguzwa, na amejibu kwamba atafikiria.