Kulala Hemani Msimu wa Joto, Kisumu

Kambi hii iliyo kando ya bustani ya michezo ya watoto, nje kidogo ya mji, inaifaa familia inayotaka bembea na ziwa kwa safari moja, ila joto la Kisumu mwezi wa Februari halina huruma. Miti ni michache, na hema la nailoni lililopigwa juani huwa tanuri kabla ya saa nne asubuhi. Heri umwombe mhudumu nafasi iliyo magharibi mwa ule mwembe mkubwa, ili kivuli cha asubuhi kikufikie. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria huleta nafuu. Bafu ni safi, ingawa maji hutiririka kwa kusuasua. Chandarua ni lazima, kwani mbu hapa hawabishi hodi.