Kadi ya michoro: feni za wazi au kipulizo?
Kadi yenye feni mbili au tatu za wazi hupoa vizuri bila kelele nyingi, ila joto lake hulimwaga humo humo ndani ya kasha la kompyuta. Hewa isipopata pa kutokea, kadi inaishia kuvuta joto lake yenyewe. Fungua ubavu wa kasha gemu likiwa linaendelea: nyuzijoto zikishuka ghafla, tatizo ni mzunguko wa hewa, si kadi.

Ya kipulizo ina feni moja inayosukuma joto nje moja kwa moja kupitia matundu ya nyuma. Inafaa kasha dogo, au kadi mbili zilizobanana. Lakini kelele zake, jamani! Kwa kasha lenye nafasi, mimi nachukua feni za wazi.