Scribus kwa anayejifunza kupanga kurasa: uzoefu wangu

Kati ya programu za kupangia kurasa nilizotumia, Scribus ndiyo ninayomshauri mwanafunzi aanze nayo. Ni ya bure, toleo la 1.0 lilitoka 2003, na inakubali Linux, Windows na macOS. Faida yake kubwa ni kwamba kila kipimo unakiweka mwenyewe. Programu za kuandikia barua hukuamulia pambizo na nafasi kimyakimya, ukamaliza mwaka hujui kwa nini ukurasa wako unachosha macho.

Zoezi zuri la mwanzo ni kijitabu cha A5, mm 148 kwa 210, chenye kurasa zinazotazamana. Pambizo ya ndani iwe mm 18, ya nje 15, ya juu 18, ya chini 22. Tumia Gentium, fonti ya bure ya shirika la SIL, pointi 11 (pointi moja ni karibu mm 0.35), na kutoka mstari hadi mstari iwe pointi 14. Upana wa maandishi utakuwa mm 115, unaobeba herufi kama 65 kwa mstari. Zikipita 75, jicho linapotea likirudi kutafuta mstari unaofuata. Zikiwa chini ya 45, linarukaruka. Urefu ni mm 170: mistari 34 inakula 168, na mm 2 zinabaki kwa mikia ya g, j na y.

Kisha washa gridi ya mistari, yaani mistari ya kuongozea ambayo maandishi hukaa juu yake, kwenye mipangilio ya waraka: pointi 14, ikianzia pointi 51 (mm 18) kutoka juu, na kwenye mtindo wa aya chagua maandishi yafuate gridi hiyo. Kwenye karatasi nyembamba utaona faida yake, maana mistari ya nyuma inakaa nyuma ya mistari ya mbele badala ya kujitokeza katikati. Mitindo yote itengeneze kwa kitufe cha F4. Anayebadilisha ukubwa wa kila kichwa kwa mkono atapata vichwa vya pointi 16, 15.5 na 17 ndani ya kitabu kimoja.

Fremu ya maandishi, yaani kisanduku cha kuwekea maandishi, unaichora kwa kitufe cha T, na kuunganisha fremu mbili ni kitufe cha N. Alama ya X kwenye kona ya chini kulia inamaanisha maandishi yamezidi fremu. Usiipuuze: sentensi zilizobaki hazitachapishwa.

Kwa Kiswahili kuna kazi ya ziada, na hapa ndipo vijarida vyetu vingi vinapoharibika. Maneno kama "wanaoshughulikia" ni marefu. Ukiyanyoosha pande zote mbili kwenye safu ya mm 55, nafasi kati ya maneno zinapanuka na kufanya mito myeupe inayoteremka ukurasani. Ama panga kushoto tu, ama kata maneno. Lakini usiruhusu kanuni za Kiingereza zikate, kwani zinaweza kukupa "kitan-da" badala ya "kita-nda". Kama hukuti Kiswahili kwenye orodha ya lugha za ukataji, zima ukataji wa otomatiki, kisha ingiza kistari laini kwa mkono kupitia menyu ya kuingiza. Chenyewe huonekana pale tu neno linapoangukia mwisho wa mstari. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kata wa-na-o-shu-ghu-li-ki-a, ila usiiache "a" peke yake mstari wa pili. Usitenganishe ng', ny, sh, ch, mb wala nd. Na kialama cha juu katika ng'ombe kiwe kile chenye umbo la 9 dogo, si la 6.

Udhaifu upo. Picha hazihifadhiwi ndani ya faili, zinaunganishwa tu; ukihamisha folda zinapotea, hivyo tumia amri ya kukusanya kila kitu mahali pamoja kabla ya kupeleka kazi. Faili la toleo la 1.6 halifunguki kwenye toleo la 1.4. Kitabu chenye tanbihi nyingi singekipanga humu.

Kabla ya kutoa PDF ya kupeleka kiwanda cha uchapaji, ongeza mm 3 za kukatwa kila upande ambako rangi au picha inafika ukingoni, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe. Maandishi yawe ya wino mweusi asilimia 100 peke yake. Rangi iitwayo "Registration" inaonekana nyeusi pia, lakini inamwaga wino zote nne, na herufi ndogo zinavimba. Picha ya dpi (nukta kwa inchi) 300 ukiikuza mara mbili inabaki 150, kwa hiyo weka kikaguzi cha programu kikuonye chini ya 300. Idadi ya kurasa za kijitabu cha pini igawanyike kwa 4. Mwisho chapisha kurasa mbili kwa asilimia 100, bila kuruhusu printa ipunguze ili zienee, na pima pambizo kwa rula.