Tangi la mapovu kwenye buti la IST: la kwanza lilinilowesha, la pili bado kavu

Nauza manukato na udi kwenye buti la gari. Jioni nikitoka kazini napaki Sinza, nafungua mlango wa nyuma wa IST yangu, natandika kitambaa cheusi na kupanga chupa. Shida ya biashara ya buti ni kwamba jirani yako naye ana buti, na lake lina taa. Nikataka kitu cha kumfanya mpita njia apunguze mwendo. Kuna saluni nilikuta tangi jembamba la maji, mapovu yanapanda, taa inabadilika rangi kwa chini. Nikasema hili ndilo langu, likae nyuma ya chupa.

La kwanza nilitengenezewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu mtaani kwetu. Kioo cha milimita 6, silikoni kona zote, shilingi 130,000. Hakunidanganya, maana kioo na silikoni vinapatana, na matangi ya samaki ya sebuleni yanajengwa hivyo hivyo. Ila sebule haina matuta. Wiki haijaisha kapeti la buti likawa chapachapa, na mnajua kapeti bichi likifungiwa kwenye gari na jua la Dar linanukaje. Muuza manukato mimi, mteja akiinama kwenye buti anakunja pua! Nikanunua silikoni nikapaka mwenyewe juu ya ile ya zamani. Ikabanduka kama ngozi ya kuku. Silikoni mbichi haishiki juu ya silikoni iliyokauka, sikujua.

Fundi ninayekuja kumsifia hapa (na kumlalamikia kidogo) anatengeneza mabango ya akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo), yuko Magomeni. Jina na namba siweki, kaniomba mwenyewe. Anasema mabango ndiyo yanamlisha, kazi kama yangu zinamzeesha.

Nilimpelekea lile tangi la kioo nikitegemea atakagua kona. Hakuzitazama. Akauliza, "Dada, pampu unaiweka wapi?" Nikamwonyesha: chini, sakafuni mwa buti, pembeni ya tangi. Akachomoa mrija, akaukung'uta, maji yakamtoka kiganjani. Kumbe nikizima pampu usiku, maji yanarudi kwenye mrija uleule uliokuwa unapeleka hewa, yanateremka mpaka kwenye pampu na kumwagika kwenye kapeti. Ni kama wanavyonyonya petroli kwa mpira: ukishaanza kutiririka kwenda chini, unaendelea wenyewe. Kona moja kweli ilikuwa inavuja, lakini maji mengi yalipita kwa mrija. Mimi napaka silikoni, tangi linanyonywa mgongoni kwangu.

Kwa hiyo kabla hajakata chochote aliamua mambo mawili. Pampu ikae juu kuliko maji, imefungwa kwenye ubavu wa gari karibu na kioo cha nyuma. Na kwenye mrija iwekwe valvu ya njia moja, kale kadude kadogo wanakouza kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Nilidhani kimoja kingetosha. Akasema valvu huchoka, kimo hakichoki.

Tangi lenyewe ni akriliki ya milimita 8, urefu sentimita 80, kimo 35, nafasi ya maji ndani sentimita 5. Maji yanafika sentimita 30, yaani lita 12. Ukijumlisha na akriliki yenyewe ni kama kilo 19, ndoo moja ya maji kwa kukadiria. Kwa kioo cha unene huo lingekuwa zito zaidi, kwani akriliki haifiki hata nusu ya uzito wa kioo.

Kuunga ndiko kulikonifanya niache kuchezea simu. Hakutumia silikoni, anasema kwenye akriliki inashika kwa kujipendekeza tu. Alisugua kingo kwa msasa mpaka zikakaa bapa, akasimamisha vipande vikiwa vikavu, halafu akachukua sindano ya hospitali yenye gundi nyembamba kama maji. Anagusisha ncha kwenye mstari wa muungano, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Unaiona ikitembea, sehemu nyeupe inageuka angavu. Gundi ile inayeyusha plastiki mbili zikawa moja. Mahali palipobaki na doa la hewa alirudia, maana doa lile ndilo njia ya maji ya kesho. Ndani akaweka vigawanyo saba vya kusimama, visivyogusa chini wala juu kabisa. Mapovu yanapanda kwa safu nane, na nikikata kona maji hayapigi ukuta kwa kishindo.

Sasa nije kwenye lililonishangaza. Mimi nilitaka lizibwe kote, lisiwe na tundu hata la sindano. Akacheka. Pampu inaingiza hewa muda wote, hiyo hewa itokee wapi? Na gari likikaa juani hewa ya ndani inapanuka na kusukuma kuta, na ukuta wa sentimita 80 ni mpana, msukumo mdogo tu unakuwa mzigo mkubwa. Tangi lililozibwa kabisa litapasuka kwenye muungano. Kwa hiyo aliacha pumzi: mrija mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kupanda hadi karibu na dari la gari. Chini ya tundu kuna kibamba cha kukinga matone. Hewa inatoka, maji hayafiki huko.

Majaribio alifanya kwa uzito unaostahili. Siku mbili tangi limejaa, limekaa juu ya gazeti, karatasi ya chooni imelazwa kwenye kila muungano, kwa sababu karatasi ile haifichi hata tone. Kisha tukalifunga kwenye gari kwa vyuma pembe viwili na mkanda, tukaenda kutafuta matuta. Tulipata mengi. Gazeti lilirudi kavu.

Maji alikataa ya bomba kwa sababu yanaacha ukungu mweupe. Tukanunua yale yaliyoondolewa madini ya kuongezea betri (siyo asidi, jamani!), na kifuniko kimoja cha jiki kuzuia kijani. Aliongeza na glisarini ya duka la dawa, eti mapovu yapande taratibu. Kwa macho yangu sikuona tofauti, labda ilikuwa kidogo. Umeme unatoka kwenye betri kupitia fyuzi, pampu na taa kwa pamoja hazifiki ampea 2. Nawasha nikiwa nimepaki tu.

Bei ilikuwa 340,000 kila kitu. Aliahidi Jumamosi, nikalipata Alhamisi iliyofuata, na simu hakupokea siku mbili. Pampu inanguruma, ukisimama karibu unaisikia. Lakini huu ni mwezi wa tano tangu nilipate na kapeti langu kavu.

Lalamiko langu kubwa ni hili. Kila jioni nilikuwa nafuta uso wa tangi kwa spiriti ung'ae, na wateja wanapulizia manukato ya kujaribu hapohapo. Mwezi uliopita nikaona mistari kama nywele kwenye kona ya mbele, ukiinamisha kichwa inameta. Nikadhani ni mikwaruzo. Fundi akaja, akapitisha ukucha: ukucha haukwami. Ni nyufa, ziko ndani kidogo ya uso. Akriliki na pombe haviivi chungu kimoja, na manukato ni pombe. Anajua nauza nini, chupa aliziona, angeniambia siku ya kwanza nitumie kitambaa laini na maji ya sabuni. Akakubali kosa, ila uso haubadilishiki, umeshakuwa kitu kimoja na tangi. Bado halivuji, nyufa hazijafika upande wa maji.

Dawa aliyonipa ni kusimamisha mbele yake kioo cha kawaida cha milimita 3, kwani kioo hakidhuriwi na manukato. Kioo anakata nani mtaani kwetu? Yuleyule wa aluminiamu. Nimekwenda juzi na vipimo, 80 kwa 35. Akakata vizuri tu, kingo akazisugua bila kuombwa, 15,000. Ananikabidhi huku anauliza, "Lile tangi letu linaendeleaje, dada?"

Nikamwambia linaendelea vizuri.