Detekta ya metali yenye koili ya inchi 7 kwa 10 kwenye mchanga wa Matema: inasoma vizuri, ila risasi nzima na ganda tupu kwake ni kitu kimoja

Ninayoizungumzia ni detekta ya metali ya VLF (inayotumia mawimbi ya masafa ya chini) ya daraja la kati: kilohezi 8, betri nne za AA, namba kutoka 0 hadi 99 za kukadiria aina ya metali, na haina kitufe cha kuilinganisha na udongo. Naitumia ufukwe wa Matema na kuelekea Ikombe, juu kabisa mwa Ziwa Nyasa. Kwa sarafu, hereni na takataka za juu juu hela yake inarudi. Kwa mabaki ya vita kuna mambo ambayo muuzaji hatakuambia.

Kwanza mchanga. Hili ni ziwa la maji baridi, kwa hiyo ile chumvi inayowasumbua wenzetu wa Dar na Tanga huku haipo. Kinachosumbua ni mchanga mweusi wenye chuma, unaoletwa na mito kutoka milima ya volkano ya Rungwe, kisha mawimbi yakaupanga michirizi michirizi. Pitisha sumaku juu yake uone inavyoota ndevu. Ukiacha usikivu juu kabisa, mashine italia kila unapopunga mkono na hapo chini hamna kitu. Shusha usikivu vipande viwili, nyanyua koili (ile sahani ya chini inayotafuta metali) sentimita 2 au 3 juu ya mchanga, punga polepole. Utapoteza kina kidogo, lakini kitakachobaki kulia ni metali kweli. Vigae vya vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huku, navyo, vikirundikana, huipigisha kelele. Dalili yake ni sauti inayokatika ukipita upande wa pili.

Sasa risasi. Mwambao huu ulikuwa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na kituo cha Langenburg kandokando ya ziwa kabla ya kuhamia Tukuyu, wakaiita Neu-Langenburg. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, kule Liuli, na Mei 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Northey likaingia kutoka Nyasaland. Upepo wa mwera unapovuma, mawimbi hula ufukwe na vitu vizito vinabaki wazi.

Ganda la shaba ya njano kwenye mashine hii husoma sabini na kitu, sauti safi, pande zote sawa. Yaani sarafu tupu! Anayewinda rupia na heller, sarafu za enzi za Mjerumani, atachimba bila kufikiri. Na detekta inapima metali na ukubwa wake tu, baruti haioni. Kwa hiyo risasi nzima na ganda lililokwisha kupigwa vinaweza kutoa namba ileile. Ya Kijerumani ya milimita 7.92 husumbua zaidi: kichwa chake kina koti la chuma, namba inaruka juu na chini, na ukiwa umeiamuru mashine ipuuze chuma unaweza kuisikia nusunusu tu.

Ndiyo maana ile hali ya "sarafu", mpangilio wa mashine wa kutafuta sarafu tu, siitumii ufukweni, pamoja na kwamba kitabu cha maelekezo kinaisifu. Inanyamazisha chuma, na mwili wa kombora ni chuma. Unaweza kuwa unachimba sarafu huku pembeni limelala kombora ambalo mashine imelificha kwa amri yako mwenyewe. Weka hali ya metali zote na uvumilie kelele za misumari. Ukisikia mlio mzito wa chuma ulioenea kuliko upana wa koili, na katikati yake sauti ya juu, usichimbe. Mchanganyiko huo unaweza kuwa mkanda wa shaba kiunoni mwa kombora, au fyuzi yake, yaani kiwashio chake.

Kuchimba, tumia koleo dogo la plastiki au mkono, anza sentimita 15 pembeni na uingie kwa ubavu. Sururu na jembe viache nyumbani. Ikionekana shaba, fagia mchanga kwa vidole bila kuigusa na uangalie. Yenye kichwa ni nzima, hata kama fataki kwenye kitako ina kishimo cha pini, kwa sababu kuna zilizogoma kulipuka. Ya Kiingereza, .303, ina ukingo uliotokeza kitakoni. Ya Mauser ya 7.92 ina mfereji badala ya ukingo. Ile nene ya milimita 11 ni ya bunduki za zamani za askari wa Mjerumani. Kutu haiipunguzii hatari, huongeza mashaka tu.

Ikiwa nzima, au ni kitu chochote kikubwa kuliko kidole gumba, kazi imeishia hapo. Usiinue, usikwangue, usifukie kwa kukanyaga. Chomeka kijiti chenye kitambaa hatua kadhaa pembeni, piga picha kwa mbali, ondoa watoto, mwite mwenyekiti wa kijiji na upige polisi, 112. Kukaa na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo "naipeleka mwenyewe kituoni" kwenye bodaboda ni wazo baya mara mbili. Na mnunuzi wa vyuma chakavu ndiyo kabisa: kwake itakutana na nyundo au moto. Kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale nako kunahitaji leseni ya Mambo ya Kale; watu wengi hawajui.

Mengine ni madogo. Koili inavumilia maji lakini kisanduku cha juu hapana, na mvua ya Kyela haina hodi, basi kivishe mfuko wa plastiki. Hedifoni za kwenye boksi ni dhaifu. Nunua nyingine zenye kitufe cha sauti, maana milio ya chini ya chuma ndiyo unayohitaji kuisikia kuliko yote.