Programu ya CAD na CAM kwa karakana ya Kisumu: ninavyozipanga

Kabla hujauliza bei ya programu yoyote ya CAD (ya kuchora vipande kwa kompyuta) au ya CAM (ya kugeuza mchoro kuwa maagizo ya mashine), chora puli ndani yake. Puli ya kawaida tu ya posho mili, ya mkanda wa B (saizi ya mkanda wa V), tundu la shafti ya milimita 35 na mfereji wa milimita 10 wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti. Zungusha kingo kidogo, toboa matundu manne ya kupunguza uzito. Sasa rudi kwenye mchoro wa kwanza kabisa, ufanye 35 iwe 40 na mfereji uwe 12, maana shafti ya 40 hutaka kii pana zaidi. Programu nzuri itavuta kila kitu kifuate. Mbovu itazungusha ukingo ambao hukuugusa, au itajaza alama nyekundu za makosa kutoka juu hadi chini.

Nalisisitiza jaribio hili kwa sababu wateja wetu wa soko la Kibuye nawajua. Mteja anapima shafti kwa rula ya mtoto wa shule, halafu saa kumi jioni anapiga simu: "Fundi, kumbe ni arobaini." Ukiwa na modeli ya solidi (umbo zima la pande tatu) iliyojengwa kwa vipimo, hiyo ni kazi ya dakika mbili. La sivyo unaanza upya.

Namba moja kwangu ni FreeCAD, na zamani nisingeithubutu. Ilikuwa na ugonjwa uliojulikana na kila aliyeitumia: programu ilizitambua kingo kwa namba, na ulipobadilisha mchoro wa chini, namba zilihama. Mviringo uliouweka kwenye ukingo wa saba ukajikuta umekaa kwingine. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, ndilo lililotibu sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Likaleta pia sehemu yake lenyewe ya kuunganisha vipande, ili uone beringi, shafti na puli vikikaa pamoja kabla hujakata chuma. Upande wa CAM unatoa msimbo wa mashine zinazoendeshwa na GRBL, LinuxCNC au Mach3, mifumo utakayoikuta kwenye mashine nyingi ndogo za CNC, yaani za kukata zinazoongozwa na kompyuta.

Ni ya bure, hata kwa kazi ya kulipwa, na faili linakaa kwenye kompyuta yako. Stima ikipotea na bando likiisha siku moja, unaendelea na betri ya laptopu. Ubaya wake? Menyu zimetawanyika kama soko la Jumapili, na mizunguko migumu ya kingo bado huigomea mara kwa mara. Jipe wiki mbili za kuikasirikia.

Ya pili ni Autodesk Fusion, ile iliyoitwa Fusion 360 hadi 2024. Kwa upande wa CAM peke yake ningeiweka juu. Ina mbinu ya kukata inayolinda mzigo wa kikata usipande ghafla kwenye kona, na wewe unayenunua vikata kwa pesa ya mfukoni unajua hiyo ni faida ya namna gani. Tatizo ni leseni. Ile ya bure ni ya matumizi binafsi: nyaraka 10 tu zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja, mwendo wa haraka wa mashine umepunguzwa, na haikusudiwi karakana inayoishi kwa kazi za wateja. Ukitaka kuitumia kwa biashara, lipia, na hesabu yake ni ya dola kila mwaka. Pia inahitaji intaneti. Inakubali kukaa nje ya mtandao wiki mbili hivi, kisha inataka kukuona tena. Ukiwa na mashine ya CNC isiyolala, lipa bila kusita. Kama yako inawashwa mara mbili kwa mwezi, ngoja kwanza.

Ya tatu ni Solid Edge ya Siemens, na naiweka hapa kwa sababu moja. Tangu 2008 ina uwezo wa kushika uso wa solidi na kuusukuma au kuuvuta bila kujua modeli ilijengwaje. Fundi wa kiwanda cha sukari akikuletea sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) kwenye faili la STEP, aina ya faili ya kubadilishana kati ya programu, lisilo na rekodi yoyote ya hatua za kuichora, hapo ndipo utaiheshimu. Toleo lake la bure ni la kujifunzia na kujifurahisha. Michoro yake hutoka na alama, kwa hivyo usijidanganye kwamba utamkabidhi mteja.

SolidWorks ni nzuri, hilo halina ubishi, na kijana akitoka chuo akiijua utamwajiri haraka. Lakini bei yake ni ya kampuni yenye idara ya uhandisi, na hukimbia kwenye Windows tu. Kwa miaka mingi faili la toleo jipya halikufunguka kwenye la zamani. Toleo la 2024 ndilo lililoanza kukuruhusu kuhifadhi kwa toleo la miaka miwili iliyopita. Nakala za wizi zinazozunguka kwa flashi, achana nazo.

Onshape inafanya kazi ndani ya kivinjari, hata kwenye simu, na haitaki kompyuta kubwa. Ila kwenye mpango wa bure kila unachochora kinaonekana na dunia nzima, na bila mtandao huna kitu. SketchUp naitaja ili niiondoe: ni nzuri kwa jikoni na mabati ya paa, lakini kwa kipande cha kukerezwa, hapana.

Kuhusu kompyuta, tafuta RAM ya GB 16 na diski ya SSD; laptopu za mtumba kutoka Uingereza zenye sifa hizo zinapatikana mjini. Na kabla hujalipia leseni yoyote, soma kibandiko kilicho kwenye sanduku la umeme la mashine yako, uandike jina la kontrola (kifaa kinachoiongoza mashine), kisha muulize muuzaji kama programu yake inatoa msimbo wa kontrola hiyo. Akisema "itakubali tu", mwambie akukatie kipande cha mbao mbele yako.